Leseni haijirudishi yenyewe

Kuna swali moja watu wananiletea sana, hasa wale niliowafundisha kuendesha zamani na sasa wamepata matatizo barabarani: mwalimu, nilifungiwa leseni miezi sita, miezi sita imeisha, si naweza kuendesha sasa? Na jibu lake sehemu nyingi duniani ni hapana, bado. Siku adhabu inapoisha na siku leseni inaporudi ni siku mbili tofauti kabisa, katikati hapo kuna fomu, kuna ada, kuna karatasi ya bima wanayoitaka, wakati mwingine kuna mtihani, na mpaka mtu wa mamlaka abadilishe kilichoandikwa kwenye rekodi yako wewe bado ni dereva aliyefungiwa, hata kama kadi unayo kwenye pochi na tarehe yake ya kuisha iko mbali huko.

Nimefundisha udereva muda mrefu na hili ndo linaloniuma kuliko yote, maana sisi walimu tunamkabidhi mtu leseni yake ya kwanza tunampa hongera tunaachana naye. Hatumfundishi kuitunza, na hatumwambii lolote kuhusu siku akiipoteza. Kwahiyo leo naandika vyote, kuipata, kuihuisha na kurudishiwa, ila nakuonya mapema kwamba nitakaa zaidi kwenye hicho cha mwisho kwa sababu ndiko watu wanakoangamia.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Leseni sio ile plastiki. Leseni ni ruhusa ya serikali yenye masharti na inakaa kwenye rekodi zao, kadi ni ushahidi tu kwamba siku ilipochapishwa ulikuwa na hiyo ruhusa. Toka gari linaanza ilikuwa hivyo, Karl Benz mwenyewe, yule Mjerumani mtengenezaji wa gari, mwaka 1888 ilibidi apate kibali cha maandishi kutoka serikali ya Baden huko Ujerumani ndo aruhusiwe kuendesha gari lake barabarani, watu walikuwa wanalalamika kelele na harufu. Uingereza wakaanza kudai leseni kwa sheria ya mwaka 1903, lakini ulikuwa unalipia tu unapewa, hakuna aliyeuliza unaendeshaje, mtihani wa lazima ukaja 1935. Na mpaka leo kuna watu wana mawazo ya 1903, nimelipia nimepewa basi ni yangu. Hapana jamani, kilichotolewa kwa masharti kinachukuliwa kwa masharti.

Haya, kuipata. Nchi zinatofautiana lakini mifupa ni ileile: umri, macho, afya kwa baadhi, mtihani wa nadharia, leseni ya kujifunzia, halafu mtihani wa barabarani. Sehemu nyingine wameongeza ngazi katikati. New Zealand walianza mwaka 1987, unaanza na ya kujifunzia, unapata yenye mipaka, ndo unafika kwenye kamili, na ukiwa na ile yenye mipaka huruhusiwi kuendesha peke yako kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, wala kubeba abiria hivihivi bila mwenye uzoefu pembeni. Majimbo mengi ya Marekani na Kanada yakafuata njia hiyo. Vijana wananilalamikia sana hiyo mipaka wanaona wanaonewa, lakini dereva mpya usiku akiwa na marafiki watatu wanapiga stori nyuma yuko kwenye hatari kubwa kuliko akiwa peke yake mchana, hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye kiti cha pembeni, mtu anaendesha vizuri kabisa mkimya, rafiki yake akiingia tu kwenye gari anasahau saitimira kama hazipo.

Na saitimira ndizo zinazowaangusha watu kwenye mtihani. Wengi wanaogopa kurivasi na kupaki, wanashinda wiki nzima wanapaki katikati ya koni, wakati Uingereza wanatoa orodha ya sababu kubwa za watu kufeli na za juu ni kutoangalia vizuri kwenye makutano ya barabara na kutotumia vioo sawasawa wakati wa kubadili mwelekeo. Nakubaliana nao asilimia mia. Nawaambia wanafunzi hivi, unataka kwenda kulia, kioo cha kati, kioo cha kulia, indiketa, unaangalia kwa juu ya bega, ndo mkono unagusa usukani, na kichwa kigeuke, mtahini haoni mboni za macho yako, anaona kichwa. Ukiangalia kwa macho tu bila kichwa kugeuka, kwake yeye hujaangalia. Na pale makutano usiangalie mara moja ukaona pamepita gari ukadhani kazi imeisha, mwendesha pikipiki anajificha nyuma ya nguzo ya dirisha lako la mbele, ile nguzo ya pembeni ya kioo, inamfunika mzima mzima, kwahiyo sogeza kiwiliwili mbele kidogo urudi ndo umwone.

Kingine, angalia unafanyia mtihani gari la aina gani. Nchi nyingi ukifanya na otomatiki unapewa leseni ya otomatiki tu, kwenye leseni za Umoja wa Ulaya wanaandika nyuma namba 78 na maana yake usiguse gari la gia za mkono. Watu hawasomi nyuma ya kadi kabisa. Hukohuko nyuma kuna namba inayosema lazima uvae miwani, ukikamatwa bila miwani umevunja sharti la leseni, na ukipata ajali bila miwani bima nayo inaweza kukugeuka. Madaraja nayo hivyohivyo, kwa mkataba wa kimataifa wa barabara wa Vienna wa mwaka 1968 ambao nchi nyingi zimeufuata daraja B ni gari lisilozidi kilo 3,500 na viti visivyozidi nane ukimtoa dereva, kwahiyo mtu mwenye B akiazimwa basi dogo la watu kumi na wanne awapeleke wenzake mahali, huyo kwa hilo gari hana leseni. Hana kabisa.

Kuhuisha sitakaa sana, kwa wengi ni kulipia na kupiga picha. Ila kuna tarehe mbili watu wanazichanganya, tarehe ya kadi na tarehe ya haki yako ya kuendesha. Uingereza kadi ya picha inaisha kila miaka 10 lakini haki yenyewe ya kuendesha gari dogo inakwenda mpaka unafika miaka 70, baada ya hapo unahuisha kila miaka 3. Ulaya, kadi za gari na pikipiki zilizoanza kutolewa 2013 zinaweza kukaa mpaka miaka 15. Sehemu nyingine zote mbili zinaisha siku moja, na ukiiacha imelala muda mrefu unaweza kuambiwa rudi ufanye mtihani upya. Kwahiyo soma ya kwako inasemaje, usisikilize ya jirani. Na unapohuisha onlaini hakikisha uko kwenye tovuti ya serikali kweli, kuna wajanja wanatengeneza kurasa zinazofanana wanakutoza ada juu ya ada kwa kukujazia fomu ambayo ungejaza mwenyewe.

Macho nitayasema kwa sababu yanapungua taratibu mwenyewe hujui. Kuna kipimo cha Uingereza ambacho mtu yeyote anaweza kujipima popote bila hospitali, usome namba ya gari iliyopaki umbali wa mita 20 mchana, kwa miwani yako kama unavaa. Nimewapeleka watu wazima nje tukasimama, nikahesabu hatua, mtu anakunja uso, anasema hiyo ni nane au B? Anasogea hatua mbili, tatu. Huyo ameendesha mpaka pale asubuhi hiyo. Alikuwa anaziona gari, ndiyo, lakini maandishi ya alama za barabarani alikuwa anayasoma akiwa ameshayafikia. Miwani mipya, na tatizo limekwisha, si jambo la aibu.

Ugonjwa nao uripoti. Najua watu wanaogopa kunyang'anywa lakini kwa magonjwa mengi hawakunyang'anyi moja kwa moja, kwa mfano kifafa, Uingereza na Ulaya kanuni ya kawaida kwa gari dogo ni ukae mwaka mzima bila kuanguka ndo unaruhusiwa tena. Ukificha ikatokea ajali, hapo umeharibu leseni, bima na pengine maisha ya mtu.

Sasa kitu ambacho nataka kila mtu akishike kwa mikono miwili: anwani. Umehama, badilisha anwani kwenye rekodi ya leseni wiki hiyohiyo. Barua ya faini inakwenda kwenye nyumba ya zamani, barua ya wito wa mahakama inakwenda hukohuko, hukutokea, mahakama inatoa taarifa, leseni inafungwa, barua ya kukujulisha umefungiwa nayo inakwenda kwenye nyumba ya zamani, na wewe unaendesha kila siku huna habari mpaka trafiki anaiingiza namba yako kwenye mashine anakuambia shuka. Na kusema sikupata barua mara nyingi hakukuokoi, maana kubadilisha anwani lilikuwa jukumu lako wewe. Mlolongo wote huo unakatwa na fomu moja ambayo nyingi hazina hata malipo.

Tufike kwenye kufungiwa.

Wengi wanajua pointi, zile alama wanazokuhesabia kwa makosa ya barabarani. Nchi nyingine zinakuongezea, nyingine zinakupunguzia. Uingereza ukijikusanyia 12 ndani ya miaka 3 mahakama inaweza kukufungia, na dereva mpya akifikisha 6 ndani ya miaka 2 ya mwanzo leseni inafutwa anarudi kwenye ya kujifunzia, nadharia upya, barabarani upya. Ujerumani ni 8 wanaichukua. Ufaransa unapewa 12 ukiwa dereva kamili, mpya anaanza na 6, zinakatwa mpaka ziishe. Italia unaanza na 20. Ila pointi ni sababu moja tu. Kuna pombe, kuna kukataa kupimwa pombe ambako sehemu nyingi adhabu yake haina nafuu kuliko kupimwa ukakutwa umelewa, kuna bima iliyokatika, faini isiyolipwa, kutokwenda mahakamani, kuna afya, na Marekani hata kutolipa matunzo ya mtoto kunaweza kufunga leseni, sheria ya shirikisho ya 1996 iliyataka majimbo yawe na utaratibu huo. Yaani mtu anaweza kufungiwa hajawahi kuendesha vibaya hata siku moja. Hilo la faini mimi binafsi linanikera sana, unamfungia mtu leseni kwa sababu hana hela halafu unamzuia kwenda kazini kuitafuta hiyo hela, na nashukuru California mwaka 2017 waliacha kufunga leseni kwa sababu ya faini za trafiki ambazo hazijalipwa, na majimbo mengine yamefuata.

Kila sababu ni kufuli lake na ufunguo wake. Hapa ndo watu wanapotea. Mtu amefungiwa kwa sababu mbili kwa wakati mmoja, tuseme bima ilikatika na kuna faini ya zamani, analipa faini anapewa risiti anafurahi anawasha gari, kumbe kufuli la bima liko palepale. Risiti ya mahakama inaonyesha umemalizana na mahakama, haisemi chochote kuhusu mamlaka ya leseni.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani hili lilimkuta na bado linaniuma. Alifungiwa, akatulia kabisa, gari aliliegesha nyumbani, anapanda basi, anatembea, hakudanganya hata siku moja. Barua yake ilikuwa na tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, imeandikwa kwa herufi nzito, na chini kabisa kwa herufi ndogo ilikuwa imeandikwa kwamba mwenye leseni lazima awasilishe uthibitisho wa bima na ada ya kurejeshewa kabla ya kuendesha. Yeye alisoma tarehe. Kesho yake asubuhi baada ya tarehe ya kuisha akaenda kazini na gari, kuna ukaguzi wa kawaida njiani, hakukosea kitu, namba yake ikaingizwa ikasoma amefungiwa. Shtaka jipya, kuendesha wakati umefungiwa, ambalo ni kosa zito kuliko lile la kwanza lililomfungia. Akanionyesha ile barua mikono inatetemeka, nikaona ule mstari wa chini, na mimi najiuliza mpaka leo kwanini mstari unaoamua maisha ya mtu uandikwe kwa herufi ndogo kuliko tarehe. Waandishi wa hizo barua naombeni muibadilishe hiyo, andikeni juu kabisa: leseni haitarudi mpaka ufanye hiki na hiki.

Tofautisha pia kufungiwa na kufutiwa. Kufungiwa leseni ipo imesimamishwa, ukitimiza masharti inafunguliwa. Kufutiwa haipo tena, unaomba upya kama mtu mpya, na mara nyingi mtihani upya. Kuna nchi zinapitisha mstari kwa siku, Uingereza ukifungiwa siku 56 au zaidi inabidi uombe leseni upya kabla ya kuendesha. Ujerumani wakiichukua kwa pointi lazima ipite angalau miezi 6 ndo upewe mpya, na kabla ya kukupa watakutaka ufanyiwe uchunguzi wa afya na saikolojia, mtaalamu anakaa na wewe anakuuliza nini kimebadilika kwenye maisha yako, watu wanaufeli huo kuliko wanavyotegemea kwa sababu wanakwenda kujitetea wakati wanaulizwa wamejifunza nini.

Marekani kuna fomu inaitwa SR-22, wengi wanadhani ni aina ya bima, sio, ni hati ambayo kampuni ya bima inaipeleka kwenye jimbo kuthibitisha una bima ya chini inayotakiwa. Majimbo mengi yanaitaka kwa miaka kama mitatu hivi. Na hapa sikiliza, bima ikikatika hata kidogo ndani ya muda huo kampuni inalazimika kulijulisha jimbo na leseni inafungwa tena, kwahiyo ukitaka kuhama kampuni ya bima hakikisha mpya imeshapeleka hati yake ndo uache ya zamani. Kufungiwa kwenye jimbo moja kunakufuata kwenye jingine pia, kuna rejesta ya taifa ambayo majimbo yanaiangalia kabla ya kukupa leseni, ukihama na deni utalikuta mlangoni.

Kwa kesi za pombe sehemu kadhaa wanakuwekea kifaa cha kupima pombe kwenye gari, unapuliza ndo injini inawaka, na ukiwa njiani kinaweza kukudai upulize tena. Kisome kwenye masharti yako kwamba ni kwenye gari lako tu au gari lolote utakaloendesha, maana ukiazima gari la ndugu lisilo na kifaa unaweza kuwa umeshavunja masharti. Baadhi ya nchi na majimbo pia wanatoa ruhusa ya muda ukiwa bado umefungiwa, kwenda kazini, shule au hospitali tu, kwa saa na njia walizoziandika. Iombe kama ipo. Watu hawaombi kwa sababu hakuna anayewaambia ipo, halafu wanaishia kuendesha kwa kujificha. Na ukipewa, kupita dukani njiani kunaweza kuhesabika ni kuvunja masharti, tembea na karatasi yake na uiheshimu mstari kwa mstari.

Sasa ninachowaambia wote wanaonijia. Usianze na kulipa, anza na kuomba nakala kamili ya rekodi yako ya udereva, nchi nyingi unaweza kuipata onlaini au kaunta. Isome yote, halafu uliza kwa maandishi, vizuizi vyote vilivyopo kwenye leseni yangu ni vipi na kila kimoja kinaondolewa na nini. Hilo neno vyote ndo la maana, ukiuliza tu nimebakiza shilingi ngapi watakujibu cha faini, cha bima kitasahaulika. Ondoa kimoja kimoja, kila risiti piga picha. Ukishamaliza usiwashe gari bado, subiri uthibitisho, afu angalia rekodi tena wewe mwenyewe uone imeandikwa kwamba leseni ni hai. Kati ya kulipa na rekodi kubadilika zinaweza kupita siku, sistimu za mahakama na za mamlaka hazizungumzi kila dakika. Halafu mpigie mtu wa bima umwambie ulifungiwa umerudi, usimfiche, maana siku ya ajali atalipata hilo kwenye rekodi ndani ya dakika chache na ndo atakapopata sababu ya kukataa kulipa.

Na kama uko nchi ya watu usidanganywe na wauza leseni za kimataifa kwenye mitandao, kile kijitabu cha kimataifa ni tafsiri tu ya leseni yako ya nyumbani, kwa mkataba wa barabara wa Geneva wa 1949 kinakaa mwaka mmoja, kwa ule wa Vienna wa 1968 hakizidi miaka mitatu, na bila leseni hai nyuma yake hakina nguvu yoyote. Aliyefungiwa kwao akinunua hicho kijitabu amenunua karatasi.

Waliofutiwa ambao lazima warudie mtihani nawaomba kitu kimoja, msije moja kwa moja kwenye mtihani kwa kuwa mmeendesha miaka kumi. Wanaorudia wanafeli mambo madogo ambayo lena wa wiki ya tatu hafeli, mkono mmoja kwenye usukani, gari linateleza kidogo kwenye alama ya simama badala ya kusimama kabisa matairi yakiwa yametulia, spidi inapanda kilomita sita juu ya kibao. Chukueni masomo mawili matatu na mwalimu yeyote, mwambieni ukweli kwamba mnarudia, na mwacheni awakosoe kila kitu kama mnaanza leo.